Mwaka Nilioshika Filimbi

Mama Nkoyai tumemzika Jumamosi, na mkwe wake, Daudi Lekishon, bingwa wa baiskeli, amehudhuria mazishi hayo akiwa amejificha nyuma ya tangi la maji. Sisemi uongo. Watu wote walikuwa ndani ya ua wa kanisa, mchungaji akihubiri, mke wa Lekishon akilia, na Lekishon mwenyewe yuko nje, kofia imeshushwa mpaka puani, ameugeukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Jeneza lilipotolewa akazunguka tangi upande wa pili ili asikutane nalo uso kwa uso. Yeye ni Msamburu, na kwa watu wake mwanamume hamtazami mama mkwe, hapishani naye njiani, hali mbele yake. Inaonekana hata kifo hakijaiondoa amri hiyo, au labda ni yeye peke yake ambaye hajaambiwa. Mimi nilicheka. Nilijaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi, lakini mama yangu ananijua, akanifinya ubavuni mpaka nikatoa machozi ya kweli, na akina mama waliokuwa mbele wakageuka, wakayaona, wakasema masikini, huyu kijana alimpenda sana marehemu. Ukweli ni kwamba nilimwogopa. Ndiye mtu pekee aliyejua nilichokifanya nikiwa kidato cha pili, na aliniamuru nifunge mdomo mpaka afe. Nimefunga. Sasa amekufa, shule imenipa ruhusa ya siku nne, mtihani wa kidato cha sita uko mlangoni, na badala ya kusoma jiografia naandika haya.

Habari za ukoo wetu nitaziruka. Babu alitoka Turkana kwa miguu au kwa punda, hilo haliwahusu. Tuanze na mwaka wenyewe, mwaka wa mahindi ya manjano. Mvua ilikataa mara mbili, ng'ombe wakaanguka kando ya barabara kuanzia Garbatulla mpaka Oldonyiro, na serikali ikatuletea mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, ambayo kila mtu aliapa kwamba huko yalikotoka ni chakula cha farasi. Mama alikuwa na kihoteli pale lami inapoishia. Hapa Isiolo lami inaisha ghafla, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, na kutoka hapo mpaka Moyale ni mawe na vumbi. Madereva wa malori walisimama kwetu kukaza nati na kunywa chai ya mwisho ya kueleweka. Nyuma ya kihoteli kulikuwa na vyumba viwili na stoo. Chumba kimoja kilikuwa cha Mama. Cha pili kilikuwa changu: kitanda cha kamba chenye shimo la umbo langu, dirisha moja linalotazama jikoni, picha za wanasoka nilizozibandika kwa uji, na harufu ya mandazi iliyoniamsha kila asubuhi bila saa. Siku moja ya Januari nilirudi kutoka shuleni nikakuta baiskeli imelala kitandani kwangu. Si mtu, baiskeli. Imefunikwa blanketi langu mpaka kwenye mipini, na mipini yenyewe imepinda kama pembe za kondoo dume. Mwenyewe, Lekishon, alikuwa amekaa sakafuni akipangusa cheni. Alinitazama mara moja tu, akaniuliza kama mimi ndiye mtoto wa kuleta maji. Nikamwambia mimi ndiye mwenye chumba. Akasema vizuri, basi lete maji.

Kumbe kampuni ya biskuti iliyomdhamini ilikuwa imepatana na Mama amlaze na kumlisha mwaka mzima, na Mama alikubali kabla hata ya kukumbuka kwamba ana mtoto. Nilihamishiwa stoo. Nililala juu ya magunia ya mahindi ya manjano, na kama hujawahi kulala juu ya gunia la mahindi, jua kwamba kila ukijigeuza nalo linajigeuza, na asubuhi mbavu zako zina alama kama umepigwa muhuri. Kupitia ukuta wa mbao nilisikia gurudumu lake likizungushwa, tiki tiki tiki, akisikiliza kama kuna spoki iliyolegea. Chumba changu, kitanda changu, na ndani yake mtu anaisikiliza baiskeli kuliko mimi nilivyowahi kumsikiliza mwalimu.

Maisha yake niliyajua kupitia ukuta huo na kupitia mdomo wake ukiwa umejaa chakula. Alianza huko kwao Oldonyiro akibeba ngozi za mbuzi kwa baiskeli nyeusi isiyo na gia, kutoka mnadani mpaka Isiolo, mzigo umerundikwa nyuma yake mpaka ukimwona kwa mbali unadhani ni ngamia. Siku moja akalipita lori penye mchanga, na ndani ya lori alikuwemo meneja wa kampuni ya biskuti. Meneja akampa jezi, kiatu chenye chuma chini, na baiskeli ya mbio. Akawapiga watu kwenye lami, Nairobi mpaka Nakuru, Nakuru mpaka Eldoret, kisha akapelekwa Ubelgiji, akakaa huko vipindi viwili vya baridi. Alisimulia kwamba wazungu wana mbio za matopeni, na wakifika penye ukuta wanashuka, wanaibeba baiskeli begani kama mbuzi mgonjwa, wanaruka, wanapanda tena. Madereva walimsikiliza chai ikipoa. Mimi nilisema kama mtu anaibeba baiskeli, basi aliyeshinda ni baiskeli. Hakuna aliyecheka isipokuwa mpishi wetu, na Mama akamtazama mpishi mpaka akarudi jikoni.

Nitasema jambo moja la haki, halafu nirudi kumchukia. Alikuwa anaweza. Juu ya lami alijikunja mpaka mgongo wake ukalala kama meza, kichwa hakitikisiki, miguu inazunguka bila papara. Lakini ni upande wa pili, ule wa kwenda Archers Post ambako barabara ina mikunjo kama bati, ndiko ulikoona ajabu. Wengine waliishika mipini kama wanamnyonga kuku, na barabara ikawatikisa mpaka meno. Yeye alilegeza mikono, akainua makalio kidogo, akaiacha baiskeli icheze chini yake kama ndama asiyependa kufungwa. Wa lami hawakuliweza vumbi, wa vumbi hawakuiweza lami. Yeye aliweza vyote viwili, na ndiyo maana kampuni ilipotangaza mbio mpya za mwisho wa mwaka, Archers Post mpaka Isiolo kwa vumbi kisha kupanda lami ya kuelekea Nanyuki mpaka njia panda, kila mtu alisema zimekatwa kwa kipimo chake. Mshindi angepewa mkataba wa miaka miwili. Lekishon aliuhitaji mkataba huo kuliko alivyohitaji meno. Ubelgiji hawakumwita tena, umri ulikuwa unamfukuza, na alikuwa ameomba kumwoa Nkoyai, msichana aliyekuwa akisomea uuguzi. Wajomba wa msichana walitaka ng'ombe, na ng'ombe wa Lekishon walikuwa mifupa huko Oldonyiro. Bila ushindi hakuna mkataba, bila mkataba hakuna ng'ombe, bila ng'ombe hakuna Nkoyai. Alilirudia hilo kila siku, mpaka kuku wetu walilijua.

Sasa njoo mezani. Sisi tulikula ugali wa manjano na mboga ya kunde zilizokauka, mchana na jioni, ugali unaokwama kooni ukiomba radhi. Yeye alikula mayai manne ya kuchemsha, nyama, wali, na glukosi aliyoilamba kutoka kiganjani kama mbuzi anavyolamba chumvi. Alikula mbele yetu, taratibu, akitafuna kila tonge kwa hesabu yake ya kizungu. Nilimuuliza Mama kama na mimi naweza kudhaminiwa na kampuni ya biskuti. Akanijibu nidhaminiwe kwanza na mwalimu wa hisabati. Na kila Ijumaa Lekishon alikaa mlangoni pangu, mlangoni pa chumba changu yaani, akanyoa miguu. Mwanamume mzima, na karai, na sabuni, ananyoa miguu kuanzia kifundo mpaka pajani, eti upepo usikwame. Kisha anavaa ile kaptula. Mnaoijua kaptula ya waendesha baiskeli mnajua. Nyeusi, inabana, inaeleza kila kitu. Siku ya kwanza alipopita nayo sokoni, wanawake waliokuwa wakiuza nyanya walifunika nyuso kwa leso, halafu wakachungulia.

Na hapo ndipo anapoingia Mama Nkoyai. Yeye na binti yake walikuwa wamehamia pembeni mwa mji baada ya mifugo kwisha, akawa anauza tumbaku ya kutafuna, na kila siku alikuja jikoni kwetu kunywa chai na Mama. Yaani mama mkwe mtarajiwa na mkwe mtarajiwa, waliokatazwa hata kuonana mgongo, walikuwa wakizunguka ua mmoja. Mtu akishaomba msichana, mwiko umeanza, haungoji harusi. Kwa hiyo Lekishon akanitafutia kazi. Alitoa filimbi ya chuma aliyokuja nayo kutoka Ubelgiji, akanivika shingoni kama medali, akanieleza. Nikimwona mama mkwe anakuja, nipulize mara moja, naye atapotea. Akishapita, nipulize mara mbili, naye atatoka. Nilimuuliza kwa nini asitazame mwenyewe. Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini asile udongo. "Nikitazama nimwone, si ndiyo kosa lenyewe, Ekal?"

Huyo alikuwa mtu anayempa fisi funguo za zizi. Fikirini. Hawezi kuhakikisha. Hata nikimdanganya mara mia, mara ya mia na moja lazima ajifiche, kwa sababu njia pekee ya kujua kama nimedanganya ni kutenda lile asiloweza kutenda. Wiki ya kwanza nilikuwa mwaminifu, kwa uvivu tu. Wiki ya pili nilimpulizia akiwa kwa kinyozi, akatoka mbio kinyozi akimfuata na mkasi, nusu ya kichwa imenyolewa. Nilimpulizia akiwa kanisani wakati wa sadaka. Nilimpulizia mbele ya duka la Mzee Jama, yule Msomali wa matairi ambaye babu yake alikuja hapa na jeshi la Mwingereza. Lekishon aliingia dukani kama mshale, akasema salaam aleikum akiwa hewani, na Mzee Jama, bila kuinua macho kutoka kwenye redio yake, akajibu wa aleikum salaam, akamuuliza, "Mkwe?" na kumwonyesha nyuma ya matairi. Mji mzima ulikuwa umezoea. Siku moja nilimpulizia sokoni akaingia kwenye zizi la ngamia, halafu wenzangu wakaniita uwanjani, tukacheza mpira, nikasahau ile ya mara mbili. Alikaa na ngamia mpaka adhana ya alasiri. Jioni alinuka hivi kwamba Mama alimhamishia chakula chake nje, na alikula bila kunilaumu. Nilidhani ni mjinga. Sasa nikikumbuka, nadhani hakuwahi hata kufikiri kwamba mtu anaweza kulifanyia mzaha jambo hilo, kama wewe usivyofikiri mtu anaweza kukuuzia hewa.

Mazungumzo ya jikoni niliyasikia yote, kwa sababu stoo ilipakana na jiko na mimi masikio yangu hayajawahi kufunga duka. Mama Nkoyai hakumtaka. Alimuuliza Mama hiyo ni kazi gani, mtu anazungusha miguu kutoka asubuhi, akimaliza yuko pale pale alipoanzia, hana hata ndoo ya maji aliyoleta. Mama alimtetea, akasema ameona dunia. Mama Nkoyai akasema shida ndiyo hiyo, dunia nayo imemwona, katika ile nguo. Alicheka kidogo, kisha sauti ikashuka. Alisema ng'ombe wamekufa, hilo ni la Mungu, hamlaumu mtu. Wajomba wakidai ng'ombe, na wadai. Yeye anachotaka kujua ni kama huyo mtu bado ana aibu. Ametoka mbali mno, amelala kwa wazungu, amenyoa miguu. Siku akiwa na haraka zake, atamwona mama mkwe wake njiani na kumpita kama nguzo ya simu. Mama alimwambia hawezi. Akajibu kwamba hata yeye hajui, maana hawezi kumtazama usoni akasoma. Niliyasikia hayo nikiwa nimelala juu ya magunia, nikamwona kama bibi mwenye maneno mengi, nikalala usingizi wa mchana.

Ningebaki kuwa mtani tu, kama si Waziri. Waziri alikuwa mbuzi wangu. Nilimpa jina hilo kwa sababu alikuwa na kitambi wakati watu wote wamekonda, na alisinzia mikutanoni. Alikula daftari langu la bayolojia, akala na barua ya mwalimu mkuu iliyolalamikia daftari hilo, na kwa huduma hizo nilimpenda. Ukame ule wote nilimtafutia majani ya mgunga mwenyewe, nikipanda juu na kutoka nimechanika mikono. Siku tano kabla ya mbio Lekishon akasema anahitaji supu ya mifupa na magome, ile ya morani, kwa ajili ya kifua. Mama akatazama uani. Hakukuwa na mbuzi mwingine. Niliambiwa nishike miguu ya nyuma. Nilishika. Kisha kikaja chakula, na kwa mara ya kwanza tangu Januari niliwekewa nyama, na ninaandika hivi kwa aibu: nilikula. Nililia huku nikila, na Waziri alikuwa mtamu. Lekishon alikunywa bakuli tatu, akafuta mdomo, akanipiga bega, akasema mbuzi huyu atapanda mlima pamoja naye. Alidhani ananifariji. Mimi nilimtazama koo lake likipanda na kushuka, na nikajua kwamba sitaki tena kumchekesha mtu yeyote. Nilitaka ashindwe.

Mbio zilikuwa Jumapili. Mama Nkoyai hakuwepo mjini. Ijumaa alikuwa amepanda lori la mifugo kwenda kwa dada yake Oldonyiro, nilimwona kwa macho yangu akipandishwa na vikapu vyake. Lekishon hakujua, na nani angemwambia? Kwake jina lenyewe la mama mkwe halitamkwi. Mimi niliwekwa penye kona, nusu ya mlima, nimpe chupa ya maji. Lami ilikuwa inayeyuka. Upande mmoja ukingo, upande wa pili vichaka vya miiba ile iliyopinda kama kulabu, inayokushika nguo na kukuuliza unakwenda wapi. Niliwaona wakitokea chini, vichwa vikielea kwenye mvuke wa joto. Lekishon alikuwa mbele. Peke yake. Mweupe kwa vumbi la Archers Post mpaka kwenye kope, na nyuma yake, kama mwendo wa kuimba ubeti mmoja, kijana wa kutoka Nakuru akinyong'onyea, ameishiwa. Walikuwa wamebaki na kilima hicho tu. Gari la meneja wa biskuti lilikuwa limeshatangulia kwenye njia panda kumngoja mshindi. Lekishon aliniona, akanyoosha mkono kuchukua chupa. Na mimi nikapuliza.

Mara moja.

Hakusita. Hilo ndilo linalonirudia. Nilitegemea angalau atalaani, ataangalia saa, atafikiri. Alishuka kabla baiskeli haijasimama, akaibeba begani kama alivyofundishwa Ubelgiji, akaruka mtaro, akaingia kwenye miiba na ile kaptula yake na ile miguu aliyonyoa, akachuchumaa kwa kuipa barabara mgongo na kujifunika uso kwa kofia. Niliisikia miiba ikimchana. Yule wa Nakuru akapita, akanitazama, hakuelewa. Hapo bado ningeweza. Mara mbili tu, fii fii, angetoka, angemkamata kabla ya kona ya juu, hata mimi nisiyejua baiskeli nilijua. Filimbi ilikuwa mdomoni. Ile ya kwanza naweza kuisingizia hasira, na hasira ina Waziri ndani yake. Lakini ile ya pili niliikalia. Akapita wa pili. Wakapita wawili kutoka Meru pamoja, wakicheka kwa kukosa pumzi. Akapita mmoja aliyekuwa akitapika pembeni. Na muda wote huo yeye amechuchumaa pale, mgongo umetulia, damu inachora mistari kwenye mashavu ya miguu, ananingoja mimi. Walipokwisha watano nikapuliza mara mbili. Alitoka taratibu ili asiipasue tyubu. Akachukua chupa, akanywa, akanishika kichwa kwa mkono wenye damu.

"Asante, Ekal," akasema. "Umeniokoa."

Akapanda akaenda.

Kule juu meneja alimuuliza kilichompata, akitegemea kusikia pancha. Lekishon angeweza kusema pancha. Ningesema hivyo mimi, angesema hivyo mtu yeyote mwenye akili timamu. Alisema mama mkwe wake alikuwa barabarani. Meneja alicheka mpaka akashika gari. Halafu akaona hakuna anayecheka pamoja naye, akakasirika, akasema kampuni haiwezi kumpa mkataba mtu atakayesimama kwa kila bibi anayevuka barabara, na mkataba ukaenda Nakuru. Ndiyo mwisho wa Lekishon kwenye lami. Tangu hapo ni mbio za mawe na mchanga tu, Maralal, Marsabit, sehemu ambazo mshindi anapewa fahali na anayeshindwa anapewa maji. Anazishinda, nasikia. Sijawahi kwenda kutazama. Mtu akinisimulia jinsi anavyopita penye mawe bila kushika breki naondoka, nina kazi nyingi.

Jioni ile Lekishon alirudi akakaa sakafuni akitoa miiba kwa pini, na Mama akimsaidia upande wa nyuma. Habari ilikuwa imeshazunguka mji. Kwa Mzee Jama walibishana. Vijana wakasema ni mshamba aliyetupa bahati yake, wazee wakasema vijana wanyamaze. Mimi nilikuwa stoo nikipiga hesabu rahisi. Mama Nkoyai atarudi kesho. Atasema alikuwa Oldonyiro. Dereva wa lori atashuhudia. Kisha mji mzima utajua bingwa amedanganywa na mtoto wa kidato cha pili, yeye atakuwa kichekesho mpaka mwisho wa maisha yake, na mimi nitakuwa marehemu. Ile sehemu ya kwanza ndiyo niliyokuwa nikiitaka, na nilishangaa jinsi isivyonifurahisha.

Mama Nkoyai alikuja Jumatatu, nimetoka tu shuleni. Lekishon alikuwa amekwenda kliniki kuoshwa vidonda. Mama Nkoyai alikaa kwenye kigoda chake jikoni, akapewa chai, akasema chai haina chumvi. Kwao chai inatiwa chumvi kidogo, lakini yetu alikuwa ameinywa miezi yote bila kulalamika. Mama akatoka kwenda dukani kuitafuta. Hapo bibi akaniita nisogee, akanitazama miguuni kwanza, kisha usoni.

"Nasikia jana mimi nilikuwa barabara ya Nanyuki," akasema.

Niliutazama mlango, Mama hajarudi.

"Nilikuwa nasimama upande gani?"

Nilimtazama nione kama anajua kwamba nilidanganya. Alijua. Alikunywa chai bila haraka.

"Kushoto," nikasema. "Penye kona."

"Nilikuwa nabeba nini?"

"Debe ya tumbaku, Mama."

"Jumapili siuzi tumbaku. Mimi ni mtu ya kanisa. Sema kuni."

"Kuni."

"Dereva yule wa lori nimeshaongea na yeye. Alinirudisha Jumamosi." Aliweka kikombe chini. "Sasa sikia, kijana ya Mama Ekal. Mtu akidanganywa na mtoto ya shule, hiyo si mkwe, hiyo ni mchezo. Mimi siwezi kupea mchezo msichana yangu. Lakini mtu anaacha mali yake yote anaingia kwa miiba, sababu ya mimi, huyo nampea hata bila ng'ombe. Wajomba nitaongea na wao. Kwa hivyo nilikuwa hapo. Umesikia? Nilikuwa hapo, na wewe uliniona, na ukisema ingine kabla sijakufa nitakulaani mpaka meno yako."

Nikasema nimesikia. Akaninyooshea kiganja. Sikuuliza anataka nini. Niliivua filimbi shingoni nikampa, naye akaitia ndani ya kopo la tumbaku, akalifunga kwa kofi moja.

Mama akarudi na chumvi. Mama Nkoyai hakungoja hata aketi. Alianza kulalamika jinsi jua la jana lilivyokuwa kali pale mlimani, jinsi miguu ilivyomtetemeka alipomsikia yule mtu akiruka mtaro, jinsi hakumwona, la, hakumwona, alisikia tu miiba ikilia, akasimama hapo muda mrefu akishindwa kusonga kwa sababu mzigo ulikuwa umemwelemea na hao wengine wakipita kwa fujo, ndiyo maana akachelewa kuondoka. Kila pengo nililoliacha mimi alilijaza. Na huyu kijana yako, akasema, huyu alinisaidia kubeba mpaka nyumbani. Ana adabu. Mama aligeuka akanitazama, na ninajua kila sura ya Mama, lakini hiyo sikuwa nimeiona mwaka mzima. Alikuwa anataka sana iwe kweli. Akaniuliza kama ni kweli nilimbebea. Nikasema ni kweli, na kwamba kuni zilikuwa nzito.